Viganja vya Idu: Imani na Maziko katika Sanaa ya Misri ya Kale

Waheshimiwa wazee wangu, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Katika uwanda wa Giza, upande wa mashariki wa piramidi kubwa ya Khufu, kuna kaburi la bwana mmoja aliyeitwa Idu, ofisa wa zama za nasaba ya 6, yapata miaka 2300 kabla ya Kristo. Ukiteremka ngazi na kuingia chumbani mwake utakuta ukutani mlango uliochongwa kwenye jiwe. Mlango huo haufunguki, wala haukukusudiwa kufunguliwa na mtu aliye hai, kwa kuwa nyuma yake ni mwamba mtupu. Chini yake, pale ambapo tungetarajia kuona kizingiti, Idu mwenyewe amechomoza kutoka ardhini kuanzia kifuani kwenda juu, na mikono yake miwili ameinyoosha mbele, viganja vikitazama juu. Anangoja mkate.

Nimeombwa nizungumze kuhusu imani na desturi za maziko katika sanaa ya Misri ya kale, na wengi mlitarajia nianze na ile barakoa ya dhahabu ya mfalme Tutankhamun ambayo kila mtu ameiona japo kwenye jalada la daftari. Nimeanza na viganja vya Idu kwa sababu vinasema waziwazi kile ambacho dhahabu inakificha. Picha na sanamu za makaburi ya Misri zilitengenezwa zifanye kazi. Zilikuwa na wajibu kama jembe lilivyo na wajibu shambani na ndoo kisimani, na fundi aliyezitengeneza alipimwa kwa swali la kama zitafaa huko zinakokwenda. Nyingi kati yake zilifungiwa gizani, mlango ukazibwa kwa mawe, na hapakuwa na jicho la mwanadamu lililotarajiwa kuziona tena. Naomba tulikumbuke jambo hilo muda wote wa mazungumzo haya, kwa maana makumbusho, pamoja na fadhila zake zote, yametuzoeza kuvitazama vitu hivi nyuma ya kioo kana kwamba ni mapambo.

Wengi wetu tulikutana na Misri chuoni kwa maalimu au kanisani kabla ya kukutana nayo darasani. Farao wa Biblia na Firauni wa Kurani ametufikia akiwa mfano wa kiburi, hata katika lugha yetu kumwita mtu firauni ni kumtukana. Sikuja kumtetea. Ila katika makaburi mengi nitakayoyataja mwenye kaburi hakuwa mfalme. Alikuwa karani, au waziri, au mchonga mawe, na alichokiogopa ni kufa na kusahauliwa, hofu ambayo haihitaji taji. Niseme mapema pia kwamba walio wengi kabisa, yaani wakulima walioilisha nchi ile, walizikwa mchangani bila picha yoyote. Sanaa hii ni ushahidi wa wenye uwezo, na tukisema „Wamisri waliamini” tuwe waangalifu kidogo, kwa sababu maskini hakuachiwa ukuta wa kutueleza aliamini nini.

Kwa Mmisri wa tabaka hilo mtu alikuwa na sehemu kadhaa, na kifo kilikuwa ni kutawanyika kwake. Kulikuwa na mwili. Kulikuwa na *ka*, ile nguvu ya uhai inayozaliwa pamoja na mtu na ambayo huhitaji chakula hata baada ya maziko. Kulikuwa na *ba*, ambayo wachoraji waliipa umbo la ndege mwenye kichwa cha binadamu, kwa kuwa iliweza kuruka kutoka kaburini mchana na kurudi usiku kwenye mwili wake. Kulikuwa na kivuli, na kulikuwa na jina. Kazi yote ya maziko ilikuwa kuzikusanya sehemu hizi tena na kuzizuia zisipotee, na mfano wao ulikuwa Osiris, mungu aliyeuawa na nduguye Seth, akaliliwa na dada zake Isis na Nephthys, akaunganishwa, akawa mtawala wa wafu. Ndiyo maana Osiris huchorwa akiwa amefungwa sanda nyeupe, na uso wake hupakwa kijani au rangi nyeusi: kijani cha mmea unaochipua, weusi wa tope ambalo mto Nile ulilileta kila mwaka. Katika kaburi la Tutankhamun limekutwa fremu la mbao lenye umbo la Osiris, lililojazwa udongo na kupandwa shayiri, na mbegu zile zilichipua humo kaburini kabla ya kukauka.

Mwili ulihifadhiwa kwa magadi. Natumia neno letu la kila siku kwa makusudi, kwa sababu ni kitu kilekile kwa asili: chumvichumvi ya soda inayobaki maji ya ziwa yanapokauka. Wamisri waliichimba katika bonde la Wadi Natrun, magharibi ya delta ya Nile, na jina hilohilo la kigeni ndilo lililopewa Ziwa Natron kule kaskazini mwa Tanzania, jirani na Ziwa Magadi la Kenya. Mama anayetia magadi kwenye sufuria ya maharage anashika mkononi kitu ambacho kiliwakausha wafalme. Kazi nzima, tangu kufa hadi kuzikwa, ilichukua siku 70, na kati ya hizo takriban 40 maiti ililala ndani ya magadi. Ini, mapafu, tumbo na utumbo vilitolewa na kuwekwa katika mitungi minne iliyolindwa na wana wanne wa Horus, mungu mwana wa Osiris, ambao katika zama za Ufalme Mpya (yapata 1550 hadi 1070 KK) walichongwa wakiwa vifuniko vya mitungi hiyo: mmoja uso wa mtu, mwingine nyani, wa tatu mbweha, wa nne kipanga. Ubongo haukuthaminiwa. Moyo uliachwa kifuani, na sababu yake tutaiona mbele kidogo.

Lakini mwili huoza hata kwa magadi, na wezi huvunja. Ndipo sanamu ilipohitajika, iwe mwili wa akiba. Katika Kimisri, mojawapo ya majina ya mchongaji lilikuwa na maana ya „mwenye kuhuisha”, na jina hilo halikuwa majivuno. Sanamu ikishakamilika ilifanyiwa ibada ya kufungua kinywa, ileile aliyofanyiwa maiti mbele ya kaburi. Kuhani aligusa kinywa na macho kwa vifaa kadhaa, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa tezo, chombo cha seremala, cha namna ileile ambayo mafundi wa majahazi wa pwani yetu huchongea mbao. Niliposoma habari hii kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikaona mantiki yake: chombo kilichomtengeneza kutoka kwenye gogo ndicho kinachompa pumzi. Baada ya ibada hiyo sanamu iliweza kula, kuona na kusikia. Mfalme Djoser, ambaye piramidi yake ya ngazi iko Saqqara, aliwekwa kama sanamu katika kijumba kilichozibwa pande zote, kikaachwa na matundu mawili tu, usawa wa macho yake, ili aweze kutazama nje.

Ibada hiyo imechorwa kwenye ukuta wa kaskazini wa chumba cha maziko cha Tutankhamun. Anayeshika tezo ni Ay, mzee aliyekuja kurithi kiti cha enzi, naye amevaa ngozi ya chui na taji ya bluu. Kwa desturi kazi hiyo ni ya mtoto anayemzika babaye. Tutankhamun alikufa kijana bila mtoto wa kumrithi, na Ay akajichora mahali pa mwana. Mnaona basi jinsi picha iliyofungiwa gizani ilivyoweza pia kuwa hati ya mirathi.

Ukishakubali kwamba picha ni kifaa, mambo mengi yanayowashangaza watazamaji wa leo yanaeleweka. Kwa nini uso unachorwa kwa upande na jicho linachorwa kana kwamba linakutazama? Kwa nini mabega yako mbele na miguu iko upande? Fundi hakuwa mtu asiyejua kuchora. Alitaka kila kiungo kionekane kikamilifu katika sura inayokitambulisha vizuri zaidi, kwa kuwa kiungo kilichofichwa kingeweza kukosekana milele. Alichora miraba kwa uzi uliochovywa rangi nyekundu, na kwa kanuni iliyodumu karne nyingi mtu aliyesimama alipata miraba 18 kutoka wayo hadi mwanzo wa nywele. Katika kaburi la mfalme Horemheb, lililoachwa bila kumalizika, mtu anaweza bado kuona michoro ya kwanza kwa wino mwekundu na masahihisho ya bwana mkubwa kwa wino mweusi juu yake, kama daftari la mwanafunzi lililopitiwa na mwalimu.

Na kama picha njema inaweza kusaidia, picha mbaya inaweza kudhuru. Katika makaburi kadhaa maandishi ya kichawi yaliyochongwa karibu na maiti yana alama za nyoka waliokatwa viwiliwili na ndege wasio na miguu, kwa sababu katika mwandiko wa Kimisri herufi zenyewe ni viumbe, na hakuna aliyetaka nyoka wa maandishi amgonge marehemu usiku. Kinyume chake, aliyemchukia marehemu alijua apige wapi. Katika kaburi la Menna, karani wa mashamba wa mfalme huko Thebes, mji ambao leo ni Luxor, mtu fulani aliingia zamani akayakwangua macho ya Menna kwenye picha zake, akaacha sehemu kubwa ya kuta zilizobaki ziking'aa. Huyo hakuwa mharibifu wa kupita. Alikuwa anampofusha adui yake huko aliko.

Turudi kwa Idu na mkate wake. Kwenye milango ya namna ile, ambayo tuiite milango bandia kwa kukosa jina zuri zaidi, na kwenye mawe ya kaburi ya karne nyingi zilizofuata, imeandikwa dua moja kwa maneno yasiyobadilika sana: sadaka aitoayo mfalme, mkate elfu, bia elfu, ng'ombe elfu na ndege elfu, kwa ajili ya *ka* ya fulani. Familia ilitarajiwa kuleta chakula halisi, na matajiri walitenga mashamba ili mapato yake yawalipe makuhani wa kufanya kazi hiyo. Lakini Wamisri walikuwa watu wenye macho. Waliona makaburi ya mababu yaliyosahauliwa, yaliyojaa mchanga, yasiyopata hata tonge. Wakachora chakula ukutani, na palipokosekana chakula na picha waliweka tumaini lao katika sauti. Makaburi mengi yana maandishi yanayomwita mpita njia: enyi mlio hai duniani mnaopita kaburi hili, semeni dua hii, kwa maana ni pumzi ya kinywa tu, haiwagharimu kitu. Kwa hesabu yao, mimi niliyemtaja Idu jioni hii mbele yenu nimekwisha kumlisha.

Mahali ninapopapenda kuliko pote katika sanaa hii ni kaburi dogo la Sennedjem huko Deir el-Medina, ng'ambo ya Luxor. Deir el-Medina kilikuwa kijiji cha mafundi walioyachimba na kuyapamba makaburi ya wafalme katika Bonde la Wafalme, na Sennedjem alikuwa mmoja wao, zama za Seti wa Kwanza na mwanzo wa utawala wa Ramesses wa Pili. Kaburi lake lilikutwa mwaka 1886 likiwa halijaguswa. Chumba ni kidogo, chenye dari la kubana mfano wa handaki, na kuta zake zina rangi ya manjano ya dhahabu iliyokoza kana kwamba zilipakwa juzi. Ukutani mmoja Sennedjem na mkewe Iyneferti wamo katika mashamba ya Iaru, yaani mashamba ya ahera, yaliyozungukwa na maji. Analima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe wenye madoa, mke anamfuata akimwaga mbegu. Kisha wanavuna ngano, kisha wanang'oa kitani. Chini yao iko mitende na mauwa. Wote wawili wamevaa nguo nyeupe za kitani chembamba chenye mikunjo, zile za karamu. Hakuna doa la tope. Hakuna anayefuta jasho. Yeyote aliyewahi kulima atajua kwamba mchoraji huyu alikuwa anachora ahera.

Na hapa pana kichekesho ambacho wenyewe sidhani walikiona kuwa kichekesho. Mtu yuleyule aliyechorwa akilima kwa furaha alizikwa na vinyago vidogo viitwavyo *shabti*, vyenye kazi ya kulima kwa niaba yake. Kwenye vinyago hivyo huandikwa maneno yanayosema kwamba marehemu akiitwa kwenda kulima mashamba, kumwagilia kingo au kubeba mchanga kutoka mashariki hadi magharibi, kinyago kiitike: „Mimi hapa.” Tutankhamun alikuwa navyo 413, wakiwemo wanyapara wa kuwasimamia wengine. Nchi ya Nile iliendeshwa kwa wito wa kazi za lazima, watu wakiitwa kwa majina kwenda kuchimba mifereji, na hata kifo hakikuwatoa kwenye orodha. Walichoweza kufanya ni kumtuma mtu mwingine.

Sasa moyo. Katika Ufalme Mpya wenye uwezo walinunua vitabu vya mafunjo ambavyo leo huitwa Vitabu vya Wafu, mkusanyo wa maneno ya kumwongoza marehemu. Maarufu zaidi ni kile cha karani Ani, cha karibu mwaka 1250 KK, chenye urefu wa karibu mita 24, kilichopelekwa Makumbusho ya Uingereza mwaka 1888 na kukatwa vipande 37 na mtu yuleyule aliyekinunua. Ndani yake iko picha ya hukumu. Ani na mkewe Tutu wanaingia wameinama. Mbele yao imesimama mizani. Upande mmoja upo moyo wa Ani wenye umbo la kichungu, upande mwingine unyoya wa mbuni, ambao ni alama ya Maat, yaani kweli, haki na utaratibu wa ulimwengu kwa neno moja. Anubis mwenye kichwa cha mbweha amepiga goti akichunguza ulimi wa mizani. Thoth mwenye kichwa cha kwarara anaandika. Nyuma ya Thoth amekaa Ammit, kichwa cha mamba, kifua cha simba, makalio ya kiboko, akingoja kuumeza moyo utakaoelemea.

Mbele ya mahakimu 42 marehemu alitakiwa kukana makosa moja baada ya jingine, na makosa yenyewe yanafaa kusikilizwa: sikuua, sikuiba, sikumliza mtu, sikupunguza kipimo cha nafaka, sikuyazuia maji katika msimu wake, sikunyang'anya watoto maziwa vinywani mwao. Hii ni dhamiri ya watu wa mto na ghala. Nchi ambayo haina mvua huona kuzuia maji ya jirani kuwa dhambi ya kuingia nayo hukumuni.

Hata hivyo, tusiwafanye watakatifu. Juu ya kifua cha maiti iliwekwa hirizi ya jiwe yenye umbo la mbawakawa, na nyuma yake yamechongwa maneno ya kuubembeleza moyo wenyewe: ewe moyo wangu niliopewa na mama yangu, usisimame kunishuhudia, usiniangushe mbele ya mshika mizani. Wataalamu wamebishana sana kama hukumu hii ilikuwa ya maadili au ya uganga. Mimi naona ilikuwa yote mawili kwa wakati mmoja, na hirizi ile ndiyo ushahidi wangu. Mtu asiyeamini kwamba moyo utasema kweli hana haja ya kuusihi unyamaze. Angalieni pia kwamba picha ya mizani humwonyesha mwenye kitabu akifaulu siku zote. Vitabu vingine viliandikwa tayari dukani vikiwa na nafasi tupu ya jina, mnunuzi akaja kuandikwa baadaye. Katika kitabu cha Ani chenyewe zipo sehemu ambapo jina lake limetiwa kwa mkono mwingine. Hukumu ilikuwa imekwisha kuchorwa kabla mshtakiwa hajajulikana ni nani. Kwa kuwa picha ilitenda, kuchora ushindi kulikuwa ni kushinda, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa imani hii, kwamba aliyeweza kulipa mchoraji alikwenda mahakamani na hukumu mfukoni.

Kuhusu makaburi ya wafalme nitasema kwa ufupi, maana yamesemwa sana. Mfalme hakuwa na haja ya kulima. Alisafiri na jua. Kuta za Bonde la Wafalme zinafuata safari ya mungu wa jua, Ra, chini ya ardhi kwa saa 12 za usiku, akipambana na joka Apep, na katikati ya usiku akiungana na Osiris ili azaliwe upya alfajiri. Katika kaburi la Thutmose wa Tatu safari hiyo imechorwa kwa mistari myembamba ya kawaida kabisa, mfano wa karatasi ya mafunjo iliyokunjuliwa na kubandikwa ukutani. Katika kaburi la malkia Nefertari, lililogunduliwa mwaka 1904, muungano ule umewekwa ndani ya umbo moja: maiti iliyofungwa sanda, yenye kichwa cha kondoo dume na duara la jua, imeshikwa na Isis upande mmoja na Nephthys upande mwingine, na maandishi kando yanasema kwamba huyu ni Ra apumzikaye ndani ya Osiris, na ni Osiris apumzikaye ndani ya Ra. Sijaona mahali pengine ambapo jambo gumu la elimu ya dini limewekwa kwa utulivu namna ile.

Nimezungumza kana kwamba sanaa hii haijui msiba. Inaujua. Waziri Ramose, aliyetumikia mwishoni mwa enzi ya Amenhotep wa Tatu na mwanzoni mwa ile ya Akhenaten, ana kaburi huko Thebes ambalo ukuta wake mmoja umechorwa msafara wa maziko: watu wamebeba vitanda, viti, masanduku, viatu, kila kitu cha nyumbani, kwa sababu Mmisri alihama na vyombo vyake. Katikati ya msafara ule wa mistari iliyonyooka limesimama kundi la wanawake wenye nguo za rangi ya majivu mepesi. Mikono yao iko juu, nyingine inajimwagia vumbi kichwani, miili imebanana hata huwezi kujua mkono huu ni wa nani, na machozi yamechorwa yakitiririka mashavuni kwa vitone. Kati yao amesimama msichana mdogo. Kanuni ya miraba, ambayo humtenga kila mtu mahali pake, hapa imelegezwa. Idu naye, miaka karibu elfu moja kabla ya Ramose, alichongewa kaburini mwake wanaume na wanawake wa nyumba yake wakianguka na kushikana kwa huzuni. Waombolezaji wengine walikodiwa, hilo linajulikana, na wawili kati yao walishika nafasi ya Isis na Nephthys, ambao katika hadithi walimlilia Osiris kwa umbo la mwewe. Kukodiwa hakunipunguzii heshima yangu kwao. Kilio pia kilikuwa na kazi: bila ya Isis kulia, Osiris asingeamka.

Katika ibada zote hizo ulifukizwa ubani na manemane, na Wamisri walifuata manukato hayo mbali. Malkia Hatshepsut, karne ya 15 KK, alichonga katika hekalu lake la Deir el-Bahari safari ya majahazi yake hadi nchi ya Punt, inayodhaniwa ilikuwa kusini kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, na mabaharia wanaonekana wakipandisha melini miti ya manemane ikiwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Sisi ambao hata fedha tunazowapelekea wafiwa tunaziita ubani hatuhitaji kuelezwa harufu hiyo na msiba vilikutanaje.

Wale waliochora haya yote walikuwa na maisha yao. Katika mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu mafundi wa Deir el-Medina waliacha kazi, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu ya wafalme waliokufa, wakasema wana njaa, maana posho yao ya nafaka ilikuwa imechelewa. Waliokuwa wakiwachorea wafalme mikate elfu ya milele hawakuwa na mkate wa siku ile. Miongo michache baadaye, katika enzi ya Ramesses wa Tisa, mchonga mawe aliyeitwa Amunpanefer alikiri mahakamani kwamba yeye na wenzake walilivunja kaburi la mfalme Sobekemsaf, wakaivua maiti ya mfalme na ya malkia dhahabu yote, kisha wakayachoma majeneza moto. Wezi hawa hawakuwa wageni wasioijua imani. Walikuwa mafundi wa Thebes, walioelewa vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kuichoma maiti ni kumwua mtu mara ya pili.

Shaka haikuwa ya wezi peke yao. Katika kaburi la Paatenemheb wa Saqqara, ambalo kuta zake sasa ziko Leiden, Uholanzi, amechorwa kipofu akipiga kinubi mbele ya marehemu, na wimbo alioimba umeandikwa pale. Unasema kwamba nyumba za waliojenga makaburi ya mawe zimebomoka kana kwamba hazikuwapo, na kwamba hakuna anayerudi kutoka huko kutuambia wanaendeleaje. Basi jipake manukato, ufurahi. Nimejiuliza mara nyingi ni mtu wa namna gani anayeagiza wimbo huo uchongwe ndani ya kaburi lake mwenyewe, pembeni ya mikate elfu. Nadhani ni mtu aliyefanya kila alichoambiwa kinafaa kufanywa, akaacha pia nafasi ya kusema kwamba hajui.

Wezi walipozidi, makuhani wa Thebes waliwakusanya wafalme waliokuwa wamekwisha kuporwa, wakawafunga sanda upya, wakaandika majina yao kwa wino juu ya sanda na majeneza, wakawaficha pamoja katika shimo moja kwenye majabali karibu na Deir el-Bahari. Humo walilala, Seti wa Kwanza, Ramesses wa Pili, Thutmose wa Tatu na wengine, hadi mwaka 1881, ambapo serikali iliwatoa kwa haraka na kuwapakia kwenye meli ya moshi kwenda Cairo. Imeandikwa na walioshuhudia kwamba meli ilipokuwa ikiteremka na mto, wanavijiji walijitokeza kwenye kingo zote mbili. Walikuwa Waislamu na Wakristo, na majina ya wafalme wale hawakuyajua. Wanaume walifyatua bunduki hewani kama ilivyokuwa desturi ya maziko, na wanawake wakafungua nywele zao, wakajimwagia vumbi kichwani, wakawafuata wakilia kando ya maji.